Mshale Juu ya Bapa: Taarikhi ya Panga la Jeshi

Miongoni mwa zana zilizobebwa na askari katika vita vya karne ya ishirini, panga la kufyekea ndilo lililoandikiwa kwa uchache kuliko zote. Bunduki ina vitabu vyake, upanga wa afisa una vitabu vyake, na hata vifungo vya makoti vimepata wanazuoni waliovichambua kimoja kimoja. Lakini chuma hiki, ambacho bila yake kikosi kizima kingaliweza kusimama siku nzima mbele ya kichaka kisisogee, kimeachwa kana kwamba hakikuwapo. Sababu yake yafahamika. Panga la jeshi hufanana mno na panga la shamba, na binadamu ana tabia ya kudhani kwamba kitu kilicho nyuma ya mlango wa kila nyumba hakina taarikhi. Fauka ya hayo, mengi ya mapanga hayo yaliishia huko huko nyuma ya mlango: baada ya kukata njia ya mizinga yalirudi kukata migomba, yakabadilishwa mipini, yakanolewa mpaka yakawa membamba, na yule aliyelirithi mojawapo kwa babu yake hajui kama babu alilinunua dukani au alirudi nalo kutoka Burma.

Panga ninalokusudia kulisoma hapa ni la jeshi la Uingereza, kwa kuwa ndilo lililopita katika mikono ya watu wetu kwa wingi, tangu wapagazi wa Vita Vikuu vya kwanza hadi askari wa King's African Rifles, kile kikosi kilichoundwa 1902 kwa kuunganisha majeshi madogo ya Nyasaland, Uganda na Kenya ya leo. Na rai yangu ni kwamba panga moja huwa na tarehe zaidi ya moja, na anayetaka kulipa mwaka mmoja tu hulidhulumu. Bapa ni shahidi, mpini ni shahidi, ribiti ni shahidi, ala ni shahidi. Na kama ilivyo mbele ya kadhi, shahidi mmoja hatoshi, na mashahidi wakigongana katika maneno yao hawathibitishi jambo mpaka ijulikane kila mmoja wao aliingia lini katika kesi.

Tuanze na mahali lilipozaliwa. Mji wa Birmingham, ulioko katikati ya Uingereza, mbali na bahari, ulikuwa katika karne ya kumi na tisa karakana ya ulimwengu: kwa mafundi wake zilitoka kalamu za chuma, minyororo, vifungo, bunduki na majembe. Huko ndiko ilikoanzishwa, mwaka 1874, nyumba ya Ralph Martindale, ambayo ilijipatia jina kwa mapanga, na ambayo chapa yake ya mamba ilijulikana na watu wasiopata kuiona Uingereza hata katika picha. Mapanga hayo yaliuzwa kwa wakata miwa wa visiwa vya Karibiani na kwa wakulima wa Afrika ya Magharibi, na kila nchi ilikuwa na umbo lake ilipendalo. Huku watu walitaka ncha iliyopinda, kule walitaka iliyo butu, na pengine walitaka bapa pana lenye uzito mbele, na mwenye kiwanda hakushindana na mteja bali alifua kila umbo na kulipa nambari yake katika orodha. Kwa hiyo jeshi lilipohitaji mapanga halikubuni chombo kipya. Liliwaendea mafundi hao hao wa mashamba, likachagua umbo lililokwisha kujaribiwa na jasho la wakulima wa nchi za joto, likaagiza kwa wingi. Ndiyo maana umbo peke yake si ithibati, na mtu akikuambia kwa kulitazama kwa mbali kwamba panga fulani ni la jeshi, mwombe alisogeze karibu.

Likisogezwa, mambo mawili huonekana kabla ya maandishi. La kwanza ni rangi ya chuma. Panga la duka lilisuguliwa likang'aa, au likapakwa rangi na kubandikwa karatasi ya chapa, kwa kuwa lilipaswa kumvutia mnunuzi. La jeshi aghalabu lilifanywa jeusi au la kijivu kilichofifia, kwa kuwa mng'ao mdogo wa jua juu ya chuma waweza kumwonyesha adui mahali kikosi kilipo. La pili ni ulaini wake. Chuma cha panga hakikutiwa maji kwa ukali kama cha wembe. Kiliachwa na ulaini kidogo, ili kikigonga jiwe lililojificha majanini kibonyee badala ya kumeguka, na ili askari, aliye mbali na karakana yoyote, aweze kukinoa kwa tupa aliyonayo mfukoni. Sifa hii ni ya mapanga mema yote, ya jeshi na ya shamba. Lakini bapa gumu mno, ambalo tupa huteleza juu yake isilishike, ni haki kulitilia shaka kabla ya kuendelea kulisoma.

Sasa maandishi. Alama iliyo kuu kuliko zote ni mshale: mistari mitatu mifupi inayokutana kileleni, wa katikati umesimama wima na wa pembeni umeinama huku na huku. Huu ni muhuri wa dola ya Uingereza juu ya mali yake, na haukupigwa juu ya silaha tu, bali ulipigwa juu ya mapipa, magogo ya merikebu, matanga, makoleo, sahani, na hata juu ya mavazi ya wafungwa wa magereza ya Kiingereza, ambao waliendelea kuivaa mishale hiyo hadi 1922. Wapo wasimulizi wanaosema kwamba asili ya alama hii ni nembo ya ukoo wa Henry Sydney, Earl wa Romney, aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Silaha tangu 1693 hadi 1702, na ambaye katika ngao yake mlikuwa na kichwa cha mshale. Kisa hiki ni kizuri, na uzuri wake ndio uliokieneza. Walakini mshale ulikuwa ukipigwa juu ya mali ya mfalme kabla Sydney hajazaliwa, na kama alifanya lolote basi ni kuukuta na kuupenda. Mwaka 1855 Bodi ya Silaha ilivunjwa, na herufi B na O zilizokuwa zikiuzunguka mshale zikaziachia nafasi W na D, yaani Idara ya Vita. Na mwaka 1875 ikapitishwa sheria ya mali ya serikali iliyofanya kuwa ni kosa mtu kuipiga alama hiyo bila ruhusa, au kuifuta kwa nia ya kuficha. Sheria hiyo yamhusu sana msomaji wa mapanga, kwa sababu serikali iliyofanya kufuta alama kuwa kosa ilihitaji njia yake ya halali ya kusema kwamba kitu si mali yake tena. Njia hiyo ilikuwa ni kupiga mshale wa pili, ncha yake ikielekea ncha ya ule wa kwanza. Panga lenye mishale miwili inayotazamana hivyo liliuzwa na jeshi lenyewe kwa idhini, na aliyekuwa nalo hakuliiba. Jambo ambalo limepata kuondoa fedheha katika nyumba zaidi ya moja.

Dola zilizokuwa chini ya taji la Uingereza ziliutumia mshale huo huo na kuongeza herufi. Canada iliufungia ndani ya herufi C, na Afrika ya Kusini ndani ya herufi U, kwa ajili ya Muungano wake. Australia iliuweka kati ya D mbili, New Zealand kati ya N na Z, na India iliweka herufi I chini yake. Tofauti hizi ni ndogo, na kutu huzila upesi, lakini ni dalili kubwa. Katika vita vya pili vya dunia askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Ethiopia bega kwa bega na Waafrika Kusini, kisha wakaenda mpaka wa India, na vifaa katika vita haviulizi utaifa. Kwa hiyo si ajabu panga lenye U au lenye I kuonekana katika nyumba ya askari wa Tabora au Machakos, na wala hilo halipunguzi ukweli wa kisa chake.

Kandokando ya mshale huwa na jina la fundi au herufi za mwanzo za jina hilo, pengine na jina la mji, kisha mwaka, kwa tarakimu nne au mbili. Mwaka huu ndio unaowapoteza wengi. Wao husoma 1944 wakasema, hili ni panga la Burma. Au husoma 1918 wakasema, hili lilikuwa la askari aliyemfuata von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika Vita Vikuu vya kwanza, hadi mwisho. Lakini mwaka uliopigwa juu ya bapa ni ushahidi wa siku chuma kilipofuliwa na kukubaliwa na mkaguzi wa serikali, basi. Haukuwa na habari ya wapi kitapelekwa. Panga laweza kufuliwa katika mwaka wa mwisho wa vita, likapakwa mafuta, likafungwa ndani ya sanduku, likakaa bohari mpaka vita vingine katika nchi nyingine vilitoe; na vitabu vya bohari, ambavyo ndivyo vingalituambia, mara nyingi havipo tena. Yaliyo hakika ni kwamba panga halikutumika kabla ya mwaka wake. Huo ni mpaka wa upande mmoja tu, na upande wa pili hauna budi kutafutwa kwa mashahidi waliobaki.

Kabla ya kuwaita, yafaa kusema kidogo juu ya vita vyenyewe, kwa kuwa vita ndivyo vilivyobadilisha chombo.

Katika Vita Vikuu vya kwanza, njia ya jeshi ndani ya Tanganyika ilikuwa ni kazi ya mikono. Mwezi wa Mei 1916 Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Uingereza, aliteremka kutoka Kahe kuufuata mto Pangani hadi Bwiko, na kikosi kilichofuata mto hakikuwa na barabara ila ile kilichojikatia chenyewe katika vichaka vya miiba, ilhali chakula chake chote kilikuja nyuma juu ya vichwa vya watu. Wapagazi wa vita vile, ambao makambi yao yameacha jina katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikuwa wengi kuliko askari, na walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mapanga yao ni adimu kuonekana leo. Yalikuwa na mipini ya mti iliyokazwa kwa ribiti za chuma, na mti na chuma havikai pamoja kwa amani katika nchi yenye mvua: chuma hutoa kutu, kutu hula mti, mti hulegea. Basi anayekutana na panga la miaka ile lenye mpini mzima ulioshika sawasawa, na aulize kwanza umri wa mpini.

Vita vya pili vilimpeleka mtu wetu mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliundwa 1943, ikiwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, na nembo yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Ilipelekwa Ceylon kujifunza vita vya msituni, na katikati ya 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal, ikaingizwa katika bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma, iteremke kusini kutoka Tamu. Ilikuwa ni wakati wa masika ya nchi zile, wakati ambao majeshi kwa desturi yalikuwa yakisimama kungoja ardhi ikauke. Lakini Jenerali Slim, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, aliamua kwamba mwaka ule mvua isiwe udhuru, na mzigo wa uamuzi huo uliangukia, kwa sehemu kubwa, mabega ya watu waliozaliwa kando ya maziwa ya Nyasa na Viktoria. Bonde lenyewe lilikwisha kupewa jina la Bonde la Mauti. Lilikuwa na malaria, na lilikuwa na homa kali iletwayo na utitiri wa vichakani, na utitiri huo hukaa mahali pale pale panga linapofanya kazi, yaani katika nyasi ndefu na vichaka vinavyofyekwa.

Ni vigumu kwa aliyezoea vita vya picha za sinema kufahamu ni kiasi gani cha kazi ya bonde lile kilikuwa ni cha panga. Kikosi msituni hakiendi kwa upana. Huenda mmoja nyuma ya mwenziwe, na wa mbele ndiye mkataji. Huyu hawezi kushika panga na bunduki kwa pamoja, basi maisha yake huwa mikononi mwa anayemfuata. Na kwa kuwa mkono huchoka upesi katika mianzi, wakataji hupokezana, na kila zamu ni zamu ya hatari. Nyuma yao barabara iligeuka tope lililomeza magari, na dawa ya tope ilikuwa ni kukata miti na kuilaza kwa ubavu, gogo baada ya gogo. Chakula kikidondoshwa kwa ndege, uwanja wa kukidondoshea ulipaswa kufyekwa. Majeruhi akibebwa, machela yake ilikatwa katika mianzi. Usiku ukiingia, kitanda cha kumwinua askari juu ya maji kilikatwa vivyo hivyo. Mwanzoni mwa Disemba 1944 divisheni ilifika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na mwezi huo huo likajengwa juu ya mto ule daraja la chuma la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, lililokuwa refu kuliko madaraja yote ya namna yake kwa wakati ule. Daraja lile lilipigwa picha nyingi. Zana zilizofungua njia ya kulifikia hazikupigwa.

Mvua za Burma ndizo zilizomwondoa shahidi mmoja na kumleta mwingine, nami naona ala ya panga husema ukweli kuliko bapa. Ala za kwanza zilikuwa za ngozi, zimeshonwa kwa uzi na kukazwa kwa ribiti, na ngozi katika unyevu huota ukungu, huvimba, huoza mshono, na hulitia kutu bapa lililo ndani yake. Jeshi lilijifunza jambo hilo kwa hasara. Mtindo wa mikanda na mifuko uitwao wa 1937 ulikuwa umefumwa kwa pamba nzito, nao ulibeba maji mengi ukilowa. Ukafuatiwa na ule wa 1944, uliotengenezwa mahususi kwa vita vya misitu, wa rangi ya kijani, mwepesi, wenye kukauka upesi na vishikizo visivyoshika kutu. Tangu hapo ala ya turubai ya kijani iliingia mahali pa ngozi. Na kila kipande cha turubai kilipigwa kwa wino mshale wake, mwaka wake na herufi za kiwanda, kama vile M.E.Co. za Mills Equipment Company, ambayo ilikuwa ikiwafumia askari mikanda tangu mtindo wa 1908. Wino huo hufifia, lakini ukifunuliwa mkunjo wa ndani wa kitanzi cha mkanda, mahali jua lisipofika, mara nyingi bado husomeka. Bapa la 1944 likiwa ndani ya ala ya 1952 si kasoro wala si udanganyifu. Latuambia kwamba panga lilikuwa bado katika utumishi miaka minane baada ya kufuliwa, au kwamba mtu aliliunganisha na ala ngeni baadaye, na kazi ya msomaji ni kutazama kama kovu za bapa zalingana na michubuko ya ala. Vitu viwili vilivyokaa pamoja miaka mingi hupeana alama.

Panga la Marekani laweza kuingia katika hesabu hii, kwa kuwa baada ya sheria ya mkopo na ukodishaji ya Machi 1941 vifaa vingi vya Kimarekani viliingia katika mabohari ya Uingereza. Kulitambua si kazi. Mfano wa 1942 una bapa la inchi 18, mpini wa plastiki uliokazwa kwa ribiti, herufi U.S., jina la mfuaji na mwaka. Mfuaji mmojawapo, Collins wa Connecticut, alikuwa akitengeneza mashoka tangu 1826 na mapanga baadaye, na mapanga yake yaliigwa na viwanda vya nchi nyingine kiasi cha kumlazimisha kupiga juu ya yaliyo yake neno Legitimus pamoja na taji na mkono wenye nyundo. Kiwanda hicho kilifungwa 1966, jina likauzwa, na mapanga yenye jina lile yakaendelea kufuliwa katika nchi za Amerika ya Kilatini. Kwa hiyo neno Legitimus peke yake halimpi mtu mwaka.

Lipo jambo katika panga la Marekani lililo zito kuliko herufi zake. Kabla ya mfano wa 1942 jeshi lile lilikuwa na mapanga yaitwayo bolo, ya 1909 na ya 1917, pana na nzito kuelekea ncha, na umbo hilo lilitoka kwa wakulima wa Ufilipino, watu ambao Marekani ilikuwa imetoka kupigana nao na kuwatawala. Uingereza nayo ilipita njia iyo hiyo. Mwaka 1948 vita vya msituni vilipoanza Malaya, panga refu jembamba la mashamba, lililo jema kwa majani mabichi na mabua laini, lilionekana halifai mbele ya mianzi migumu na mizizi. Nalo jeshi likaliacha likachukua golok, chombo cha Wamalay wenyewe: bapa fupi, karibu inchi 13, nene mgongoni, lililotuna ubavuni ili lising'ang'anie ndani ya mti, na uzito wake umesukumwa mbele. Martindale akalifua Birmingham, likapigwa mshale na mwaka, na likarudishwa kwa meli kwenye nchi iliyolibuni. Dola zote mbili zilikuwa na vyuo, wahandisi na maabara, na mwisho wa utafiti wote umbo la panga liliamuliwa na mkulima asiyejua kusoma. Sioni kwa nini jambo hili lisisemwe kwa sauti.

Vikosi vya King's African Rifles vilikuwa Malaya pia. Kikosi cha kwanza, cha Nyasaland, na cha tatu, cha Kenya, vilitumwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadhi ya watu wake walikuwa ni wale wale waliopita Kabaw. Lakini vita hivi vilikuwa na adabu nyingine ya panga. Adui hapa alikuwa vikundi vidogo vya watu waliojificha, na mlio wa chuma juu ya mti husikika mbali sana katika msitu uliotulia. Tena kila tawi lililokatwa huacha jeraha jeupe lionyeshalo njia. Askari wa doria wakafundishwa kupenya badala ya kukata, kuinamisha tawi na kulirudisha mahali pake, na kuliweka panga kwa ajili ya kambi na kwa ajili ya kusafisha kiwanja cha helikopta. Panga la Malaya, basi, pengine lina makali yasiyolika sana kuliko la Burma, na mtu asidhani kwa sababu hiyo kwamba halikufika vitani.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 akaja shahidi mpya, naye ni nambari. Nchi za mkataba wa NATO zilikubaliana kuvipa vifaa vyao vyote nambari za utaratibu mmoja, na zana za mkono zenye makali zikawekwa katika fungu la 5110. Panga lenye 5110 ikifuatiwa na 99 ni la Uingereza, kwa kuwa 99 ndiyo alama ya nchi hiyo. Marekani iliongeza alama yake ya 00 mwaka 1974, kwa hiyo panga la Kimarekani lenye nambari ya tarakimu kumi na moja tu ni la kabla ya mwaka huo, na lenye kumi na tatu ni la baadaye. Nambari hazina haiba ya mshale, lakini hazina utata wake.

Imebaki habari ya mapanga yaliyotoka jeshini na kuishi uraiani, ambayo ndiyo mengi katika nchi zetu. Hayo huwa yamebadilika mno. Mpini wa kwanza umekwisha kuoza, na mahali pake fundi wa kijijini ametia mti wa mvule au wa mwembe, pengine akauzungushia mpira wa baiskeli. Ribiti zimekuwa misumari iliyokatwa na kugongwa. Makali yamelika upande wa kati kwa sababu ya kunolewa juu ya jiwe lile lile kwa miaka, hata bapa limekuwa na kiuno. Tena yamechanganyika na ndugu zao wa shamba, ya chapa za Uingereza yaliyouzwa madukani na Wahindi kabla ya uhuru, na ya kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa baada ya uhuru kwa msaada wa China. Hapa ndipo mahali pa kutazama karibu na mpini, kwa kuwa jiwe la kunolea halifiki huko, na mshale, kama uliwahi kuwapo, huko ndiko ulikobaki.

Na wapo waghushi, madhali sasa vitu vya vita vinauzwa kwa bei. Muhuri wa asili ulipigwa kabla bapa halijasuguliwa na kutiwa rangi yake ya mwisho, kwa hiyo kingo za herufi zimelala sawa na uso wa chuma, na kutu iliyo ndani ya herufi ni ya umri mmoja na ile iliyo nje. Muhuri wa jana huinua kingo zake, kidole hukwaruzwa kikipita juu yake, na katika vina vyake chuma kinang'aa chini ya uchafu uliopakwa. Mshale wa pili, ule wa kuuzwa, ndio unaostahili kuhurumiwa katika hukumu hii, maana huo ulipigwa baadaye kwa haki, nao pia waweza kuwa na kingo zilizoinuka. Kinachoharibu ushahidi kuliko waghushi wote ni msasa. Warithi wengi, kwa mapenzi mema, hulisugua panga la babu mpaka ling'ae kama sufuria ya harusi, na kwa saa moja huondoa weusi wa kiwandani, kutu yenye umri, na nusu ya kina cha maandishi. Mafuta mepesi, kitambaa na subira vyatosha. Na maandishi yaliyofifia huonekana vyema zaidi taa ikiwekwa ubavuni, mwanga ukapita juu ya bapa kwa kulala, kuliko ikiwekwa juu yake.

Baada ya yote hayo, anayeandika kikaratasi cha kuambatanisha na panga la namna hii, iwe ni kwa makumbusho au kwa watoto wake, asiandike "Panga la Vita, 1944". Aandike, mathalan: bapa la Martindale, Birmingham, lililokubaliwa na serikali 1944, ala ya turubai ya 1952, mpini wa mvule uliotiwa uraiani, ribiti za misumari, mishale miwili ya kuuzwa kwa idhini, isiyo na mwaka.